Njia moja, kasi nne: nani apite kwenye njia za baiskeli za Dar es Salaam?

Simama Manzese saa moja asubuhi, chini ya daraja la waenda kwa miguu, uangalie njia ya baiskeli inayoambaa na Barabara ya Morogoro. Sisi tulisimama pale nusu saa wiki iliyopita. Tuliona guta lililosheheni kreti za soda, mwenyewe akikanyaga pedeli kwa kusimama maana kukaa hakumsaidii. Nyuma yake wanafunzi wawili wakiwa juu ya baiskeli moja, mmoja amekaa kwenye keria. Kulikuwa na mama mwenye beseni kichwani, aliyehamia njia ya baiskeli kwa sababu ya miguu imejaa meza za viatu na chaja za simu. Na kulikuwa na bodaboda, nyingi kuliko baiskeli, nyingine zikija kutoka Magomeni kuelekea Ubungo upande ambao watu wote wanaelekea mjini.

Tulikwenda pale kwa sababu ya simu moja. Katika kipindi chetu cha asubuhi, msikilizaji anayesukuma guta kati ya Manzese na Kariakoo alitueleza kwamba aligongwa kwa nyuma na pikipiki ndani ya njia ya baiskeli, mahali ambapo alidhani ndipo penye usalama. Alivunjika mfupa wa bega. Wiki sita hakufanya kazi, na mzigo uliomwagika akaulipa mwenyewe. Baada yake simu na ujumbe vilimiminika, na watu wakagawanyika pande mbili kama ilivyo kawaida. Wapo waliotaka bodaboda wote wafukuzwe kule. Wapo waliosema vijana wale nao wanatafuta riziki, na kwamba barabara kuu ni kifo.

Tumelifikiria jambo hili tangu siku ile, na tunaona pande zote mbili zinabishania watu. Tatizo lenyewe ni kasi. Ukilitazama kwa upande huo, baadhi ya dawa tunazozipenda hapa kwetu zinaonekana kumwumiza yule yule aliyekwisha umia.

Njia iliyojengwa kwa ajili ya nani?

Tukumbushane kidogo. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016 kwenye awamu ya kwanza yenye takriban kilomita 21, uti wake ukiwa Kimara hadi Kivukoni. Pamoja na njia za mabasi na vituo, mradi ulileta kitu ambacho jiji halikuwa nacho kwa kiwango hicho: njia za miguu na za baiskeli pembeni ya barabara kuu. Vyama vya waendesha baiskeli, ukiwamo UWABA, vilikuwa vimepigia kelele jambo hili kwa miaka. Jiji lilipopewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, la kwanza barani Afrika kuipata, njia hizo zilikuwa sehemu ya sifa.

Waliozichora walikuwa na mtu mmoja akilini: mwendesha baiskeli wa kawaida. Waliokuja kuzitumia ni wa aina nne au tano. Guta lenye mzigo huenda kilomita 8 kwa saa, na penye kilima pungufu ya hapo. Baiskeli ya kawaida hufika 15 au 16. Kijana mwenye baiskeli ya gia anayewahi kazini hugusa 25. Bodaboda ikipata nafasi haina shida na 40. Na wenye miguu wao ni kilomita 5, na hawatembei kwa mstari.

Hesabu ya kupitana

Chukua kilomita moja ya njia hiyo. Guta la kilomita 8 kwa saa litaimaliza kwa dakika 7 na nusu. Bodaboda ya 40 inaimaliza kwa dakika moja na nusu. Tofauti ni dakika 6. Maana yake, kila bodaboda itakayoingia ndani ya dakika 6 baada ya guta kuingia, italazimika kulipita kabla guta halijafika mwisho. Zikiingia bodaboda mbili kila dakika, na kwa tulivyoona pale Manzese hilo si jambo la kushangaza, huyo mwenye guta atapitwa mara 12 katika kilomita moja. Kutoka Manzese hadi Kariakoo ni kilomita kadhaa. Zidisha mwenyewe.

Sasa weka baiskeli ya kilomita 16 badala ya bodaboda. Yeye huimaliza kilomita hiyo kwa dakika 3 na sekunde 45, kwa hiyo tofauti na guta ni dakika 3 na sekunde 45 tu. Wingi ukiwa ule ule, kupitana kunashuka kutoka mara 12 hadi 7 au 8. Na kama mmoja anakwenda 12 na mwingine 16, tofauti ni dakika moja na robo, yaani kupitana mara mbili au tatu.

Hatari ya njia ya baiskeli haitokani sana na wingi wa watu. Inatokana na kupitana, na kupitana kunazalishwa na tofauti ya kasi. Watu mia wanaokwenda mwendo mmoja wanaweza kubanana bila madhara makubwa, kama tunavyobanana kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni. Watu kumi wenye mwendo wa namna nne ni balaa.

Kisha kuna uzito wa pigo lenyewe. Nguvu ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Chombo cha kilomita 40 kwa saa kina nguvu zaidi ya mara 6 ya chombo chenye uzito ule ule kinachokwenda 16. Na pikipiki yenye dereva na abiria haina uzito wa baiskeli. Ikija kinyume ndiyo mbaya zaidi: 40 yake na 15 yako zinajumlishwa, mnakutana kwa 55, kwenye njia ambayo ulipewa ili usikutane na vyombo vya moto.

Upana peke yake hautoshi

Jibu la kwanza la wengi ni kupanua. Lina ukweli ndani yake, na mji wa kuuangalia ni Copenhagen, Denmark. Pale njia za baiskeli kwa kawaida ziko kila upande wa barabara, za mwelekeo mmoja, zimeinuliwa kidogo juu ya barabara ya magari na ziko chini kidogo ya njia ya miguu. Daraja la Malkia Louise hupitisha baiskeli zaidi ya 40,000 kwa siku. Katika mkakati wake wa baiskeli wa 2011 hadi 2025, jiji lilijiwekea lengo kwamba asilimia 80 ya mtandao wake mkuu iwe na upana wa njia tatu kila upande. Sababu yake inavutia: wawili waweze kwenda sambamba wakizungumza, au mzazi aende na baiskeli ya mizigo yenye watoto, na bado mwenye haraka apate pa kupita. Walikubali kwamba mwenye polepole hana kosa, wakampa nafasi kwenye ramani.

Upana huo, hata hivyo, umeambatana na mambo mengine mawili. La kwanza ni adabu ya barabarani ambayo watu wamekua nayo: unakaa kulia, unampita mwenzako kushoto, unainua mkono kabla ya kusimama. Kwetu ni kinyume chake, kushoto ndiyo makazi na kulia ni pa kupitia, lakini kanuni ni ile ile. La pili ni la kiufundi, na sisi tumelipenda zaidi. Kwenye barabara ya Nørrebrogade taa za makutano zimepangwa kwa mwendo wa baiskeli wa kilomita 20 kwa saa. Ukienda 20, unakuta kijani kila mara. Ukienda 30, unafika kwenye nyekundu na kusubiri wale uliowapita. Hakuna askari wala faini, na mwenye pupa anajifunza mwenyewe kwamba haraka yake haimpi kitu.

Panua bila kudhibiti kasi, uone. Hapa mjini kila mtu anajua kinachotokea barabara ikipanuliwa: wanaokimbia wanakimbia zaidi. Njia ya baiskeli ya mita tatu isiyo na mwenyewe, Barabara ya Morogoro, saa kumi na mbili jioni, kwa mwenye bodaboda ni zawadi.

Amsterdam iliwatoa, lakini soma masharti

Kuna mji uliofanya kile ambacho wasikilizaji wetu wengi wanakitaka. Uholanzi ina aina ya skuta ndogo ya injini iitwayo snorfiets, yenye kibao cha namba cha bluu, ambayo kisheria haipaswi kuzidi kilomita 25 kwa saa. Kwa miaka mingi ilipita kwenye njia za baiskeli, na aliyeiendesha hakulazimika kuvaa helmeti. Wengi walizichezea injini zikaenda kasi zaidi ya hapo. Waendesha baiskeli wa Amsterdam walilalamika kwa muda mrefu. Hatimaye, tarehe 8 Aprili 2019, jiji likazihamishia barabarani, pamoja na magari, katika sehemu kubwa ya eneo lililo ndani ya barabara ya mzunguko, na helmeti ikawa lazima kwa waliohamishwa.

Hoja ya waliopinga ilikuwa nzito, nasi hatuidharau. Walisema: mnamtoa mtu wa 25 kwenye njia ambako yeye ndiye mwenye kasi, mnampeleka barabara ambako magari yanakwenda 50 na yeye anakuwa mwenye mwendo mdogo. Hatari haijaondoka, imehamia upande wa pili wa ukingo. Hii ndiyo hoja ya vijana wetu wa bodaboda, neno kwa neno, na wao hata hawajafika Uholanzi.

Mji ule ulichukua zaidi ya miaka minne kulijibu kwa vitendo. Tarehe 8 Desemba 2023 Amsterdam ilishusha kikomo cha kasi hadi kilomita 30 kwa saa katika mitaa yake mingi. Hapo tofauti kati ya skuta ya 25 na gari la 30 ikawa ndogo, na hesabu ya kupitana tuliyoifanya juu ikaanza kufanya kazi upande wa barabara pia. Ukituuliza sisi, mpangilio ulipaswa kuwa kinyume: punguza kasi ya magari kwanza, ndipo umhamishe mwenye skuta.

Kisha likazuka jingine. Skuta zilipokwisha kuhamishwa, zikaja baiskeli za umeme zenye matairi manene. Kwa sheria za Ulaya, baiskeli ya umeme yenye mota isiyozidi wati 250, inayokusaidia tu unapokanyaga na kuacha kukusaidia ukifika kilomita 25, inahesabiwa kuwa baiskeli. Haina kibao cha namba. Hizi za matairi manene ziliingia kwa jina hilo, na nyingi zikafunguliwa zikaenda kasi ya pikipiki. Polisi wa Uholanzi wamelazimika kutembea na mashine ya kupima: unaiweka baiskeli juu ya magurudumu ya mashine, inazungushwa, kasi yake halisi inaonekana. Jina lilikuwa baiskeli, mwendo ulikuwa wa chombo kingine.

Kwa haki tuseme kwamba si wote wamechagua njia hiyo. Denmark, kuanzia Julai 2018, iliruhusu baiskeli za umeme zenye uwezo wa kufika kilomita 45 kwa saa kupita kwenye njia za baiskeli, kwa sharti la helmeti na umri wa kuanzia miaka 15. Nia ilikuwa kuwavuta watu wanaoishi mbali waache magari. Tunaielewa nia. Hatuoni ingewezekanaje kufanywa Manzese.

Nguzo na matuta: dawa zinazomwumiza mgonjwa

Turudi nyumbani. Njia ya baiskeli ikivamiwa hapa kwetu, jambo la kwanza tunalofikiria ni kusimika nguzo fupi za zege au chuma kwenye maingilio. Kwa gari zinafaa sana, na penye gari linaloegeshwa juu ya njia tunaziunga mkono. Kwa pikipiki hazifai kitu. Usukani wa bodaboda haupishani sana kwa upana na usukani wa baiskeli, kwa hiyo panapopita baiskeli hupita na bodaboda. Asiyeweza kupita ni guta, kwa kuwa lina magurudumu mawili sambamba na sanduku kati yake. Asiyeweza kupita pia ni mtu mwenye ulemavu aliye kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mkono. Nguzo haisomi kasi, inasoma upana, na wapana kwenye njia ile ndio wenye mwendo wa chini kuliko wote.

Matuta ni hivyo hivyo. Pikipiki ina springi na tairi nene. Guta halina springi, baiskeli ya mwanafunzi haina springi, kreti za soda zina chupa. Weka tuta uone nani atatoka kwenye njia kulikwepa na nani atapita juu yake bila kushika breki.

Tunasisitiza hili kwa sababu mapendekezo yote mawili yalitolewa kwenye kipindi chetu, na sisi wenyewe tuliyapokea hewani kwa kusema ni mawazo mazuri. Tulikuwa hatujafikiri.

Kwa nini wanaingia?

Wapo wanaoingia kwa ubishi tu, hao dawa yao ni trafiki. Lakini tuliwauliza vijana wa kijiwe kimoja karibu na Magomeni, na jibu walilotupa linaonekana hata kwa macho. Njia ya mwendokasi iko katikati ya barabara. Huwezi kuikata popote unapotaka, unasubiri makutano. Abiria akiwa upande huu na anakoelekea ni mita mia tatu nyuma yako, njia halali ni kwenda mbele hadi makutano, kugeuza, kurudi, na pengine kugeuza tena. Nauli ya safari hiyo haibadiliki. Njia ya baiskeli, kwenda kinyume, ni dakika moja. Ongeza foleni ya asubuhi kwenye njia za magari mchanganyiko, ongeza malori, na utaelewa kwa nini onyo peke yake halishiki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza inaweza kufanyika nje ya njia ya baiskeli kabisa. Sehemu za kugeuzia zenye taa, zikiwa karibu zaidi, zingeondoa sababu kubwa ya kwenda kinyume. Vijiwe vya bodaboda vilivyotengewa mahali pake, si mdomoni mwa kituo ambako abiria wanashuka wakikatiza njia ya baiskeli, vingeondoa nyingine. Na kasi ya magari pale ambapo barabara inapita katikati ya makazi na soko iangaliwe upya. Kikomo chetu cha kisheria kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50. Ukimwambia kijana wa bodaboda atoke kwenye njia ya baiskeli aende kukaa kati ya lori na daladala zinazokwenda 50 na zaidi, amri yako ataikubali mbele ya askari na kuisahau kwenye kona inayofuata.

Baada ya hapo ndipo tochi. Trafiki wanazo na wanajua kuzitumia, waulize madereva wa barabara ya Chalinze. Hatujawahi kuona tochi ikielekezwa kwenye njia ya baiskeli. Pendekezo letu ni kwamba njia hizi ziwekewe kikomo cha kasi chake, tuseme kilomita 20 kwa saa, na kiandikwe chini kwa rangi ambapo kila mtu anakiona. Bodaboda iliyozimwa injini na kusukumwa kwa mkono ipite, hatuna ugomvi nayo. Baiskeli ya gia inayoruka kwa 30 katikati ya wanafunzi iguswe na kikomo hicho hicho, hata kama mwenyewe ana helmeti nzuri na nguo za kubana. Kuna waendesha baiskeli watakaoudhika tukisema hivyo, na baadhi yao ni marafiki zetu.

Kabla zege halijakauka

Mjadala huu si wa njia zilizopo tu. Awamu zinazofuata za mwendokasi zinapita Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, na Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo kuelekea Tegeta. Upana wa njia ya baiskeli ukishamiminwa zege hauongezeki kwa mkutano wa wadau. Mahali pa kugeuzia pakisahauliwa kwenye mchoro, patakumbukwa na bodaboda kila siku, na wao wana njia yao ya kupatafuta.

Baiskeli za umeme nazo zimeanza kuonekana mitaani kwetu, nyingine zikiwa na mkono wa mafuta kama wa pikipiki na pedeli zilizobaki kama pambo. Zinakuja kwa jina la baiskeli. Kwa mwenye guta zinaweza kuwa mkombozi: mota ndogo ya kumsaidia kupanda kutoka Jangwani ingemwongeza kutoka 8 hadi 12 na kumsogeza karibu na wenzake, jambo ambalo kwa hesabu yetu linapunguza kupitana kuliko kanuni yoyote. Kwa mwingine zitakuwa bodaboda isiyo na namba wala bima. Sheria yetu ya usalama barabarani ni ya mwaka 1973, na pamoja na marekebisho yake inatenganisha vyombo kwa aina. Anayeandika kanuni za vyombo vya umeme ana nafasi ya kuandika namba ya kasi badala ya jina la chombo.

Yule msikilizaji wetu wa guta amerudi kazini. Alitupigia tena Jumatatu, safari hii akiwa amesimama pembeni na mzigo wake. Sasa anapita barabara kubwa, katikati ya magari. Anasema kule angalau anajua kinachokuja nyuma yake ni nini.